Mbeleko ya kitambaa kinachovutika: nzuri kwa kichanga, ila kaza

Kwa miezi ya mwanzo, mbeleko hii ya takriban mita 5 inaishinda ile ya mikanda, ambayo mara nyingi kichanga humezwa ndani yake hadi kiwekewe mto wa kukiinua. Uzito unagawanyika mabega yote mawili; ya pete (kitambaa kinachokazwa kwa pete mbili begani) huelemea bega moja.

Kosa kubwa ni kuilegeza. Watu hufunga kwanza, kisha wanaacha nafasi “ya mtoto kupumua”. Matokeo yake mtoto anazama, kidevu kinagusa kifua, na hapo ndipo njia ya hewa inapobanwa. Ikaze kama fulana inayobana kabla ya kumwingiza, kitavutika chenyewe. Akishakaa, vidole viwili vipite chini ya kidevu, na utosi uwe karibu kiasi cha kuubusu bila kujikunja. Magoti yawe juu kuliko makalio, kitambaa kikitoka goti hadi goti.

Kasoro? Joto, na ncha zinaburuta chini wakati wa kufunga (matope yanazipenda). Akifika kilo 7 au 8 kitambaa huanza kulegea kila baada ya dakika chache. Hapo hamia ya pamba isiyovutika.