Ndoo ya mabaki ya chakula nyota nne, pipa la majani nyota moja tena ya huruma

Nyie mnaokaa England, kaunsili zenu (halmashauri za huko) zimeshawaletea ndoo za mabaki ya chakula? Sheria imetaka yachukuliwe kila wiki majumbani kuanzia 31 Machi 2026 (kuna kaunsili zimeongezewa muda), sisi tumeletewa mbili, kadogo ka jikoni na nyingine ya lita 23 ya kuweka nje. Mwanzoni nilinuna, jiko lenyewe kama kiberiti halafu niongeze ndoo? Ila aisee kwa sisi wapika ndizi imetufaa, maganda, mifupa, majani ya chai, ukoko uliogoma kutoka sufuriani, vyote humo na pipa kubwa limeacha kunuka. Ile ya nje ukisukuma mkono wake mbele inajiloki, mbweha anahangaika nayo usiku mpaka anaondoka zake. Siku ya kwanza sikuloki, asubuhi nikakuta vichwa vya samaki mlangoni kwa jirani, jamani aibu! Mabaki mengi yanaenda kuozeshwa kwenye matangi yasiyoingia hewa, wanapata gesi na mbolea, hapo sina neno.

Kinachoniuma ni pipa la majani ya bustani. Zamani bure, sasa kwetu unalipia kwa mwaka, na sheria inawaruhusu kutoza, halafu kipindi cha baridi wanapumzika wiki kadhaa na hela ni ileile. Mimi nimejitoa, nyasi narundika pembeni ya uzio zijiozee zenyewe, na maboga yangu yameshaanza kutambaa juu yake.