Kolibri kwenye shule isiyo na intaneti: mihula miwili, Moshi

Aisee niliahidi kuandika kuhusu Kolibri tangu likizo ya Juni, haya leo ndo leo. Nafundisha fizikia shule ya kata nje kidogo ya Moshi mjini, kompyuta zinazowaka ni nane, intaneti hamna, maabara ndo hivyo tena, betri moja inazungushwa kwa watoto arobaini. Kolibri ni programu ya bure ya Learning Equality ya Marekani, walewale waliotoa KA Lite mwaka 2012, ile ya kuangalia masomo ya Khan Academy (tovuti ya Marekani ya video za masomo za bure) bila intaneti. Unaiweka kwenye laptopu moja, unashusha masomo mara moja sehemu yenye mtandao, alafu mashine zingine zinachota humo kupitia ruta, bando halihusiki kabisa.

Kilichonikosha humo ndani ni PhET, ile michezo ya sayansi ya Chuo Kikuu cha Colorado. Mtoto anaunga waya, betri na balbu kwenye skrini, akipiga shoti betri inashika moto, darasa zima kicheko, mwingine naye anataka aunguze ya kwake!! Mi hiyo mada nimeiimba na chaki miaka yote sijawahi kuulizwa maswali kama siku ile.

Ila muhula wa kwanza ilikufa. Tuliiweka tukaiacha, watoto wakacheza wiki mbili wakachoka, na walimu wenzangu wananiuliza hii iko kwenye muhtasari gani, na wana haki yani, video kibao za Khan Academy zilizomo ni Kiingereza na mahesabu ya hela za Kimarekani, dogo ananiuliza ticha "dime" ndo shilingi ngapi. Kilichoiokoa ni upande wa mwalimu. Humo unachagua vipande vinavyoendana na mada ya wiki, unavipanga kuwa somo, unatunga jaribio, alafu unaona nani kakwama swali lipi. Nilimaliza Jumapili tatu kupanga umeme wa Form Two peke yake, madam wa hesabu akaona, akaja na azimio lake la kazi anataka na yeye. Mkuu ndo aligoma zaidi, anasema cha bure bili yake inakuja baadae, mpaka nikamuonyesha leseni kwamba kukopi ni ruksa.

Nyota nne. Ya tano nimeikata kwa zile Jumapili zangu.

Usishushe Khan Academy yote, inakula giga kibao, chagua mada. Walimu wa huku mnaonijua njooni Jumamosi niwakopie, ila mje na hard disk, sio flashi ya giga 8.