Vitabu vya kuwaelewa Wajapani, huu ndo uzoefu wangu

Nina mwaka wa tatu sasa niko Japani kwa masomo na kila anayetaka kuja huku ananiuliza asome nini ili awaelewe hawa watu, basi naandika hapa nilichosoma mimi. Vyote nimevisoma kwa Kiingereza.

Kabla ya safari nilianza na vile vinavyotajwa na kila mtu, Bushido (yaani maadili ya samurai, wapiganaji wa zamani wa Japani) cha Nitobe Inazo cha mwaka 1900 na The Chrysanthemum and the Sword cha Ruth Benedict cha 1946. Bushido ni kifupi, wikendi moja umemaliza, lakini ujue Nitobe alikiandika akiwa Marekani na kwa Kiingereza, alikuwa anawaeleza Wazungu kwamba na Wajapani wana maadili yao, kwahiyo kinakuonyesha Japani ilivyotaka kuonekana wakati ule. Ukikitegemea kwa maisha ya ofisini au maabara ya leo utapotea. Huyu Benedict naye hakuwahi kukanyaga Japani, alikuwa anafanya kazi ya serikali ya Marekani wakati wa vita na akawa anahoji Wajapani waliokuwa wanaishi hukohuko Marekani. Hata hivyo pale anapoeleza "on", yaani deni la fadhila, amenisaidia sana. Nilimpa mwenzangu korosho nilizotoka nazo nyumbani, siku mbili baadae kaniletea boksi la biskuti, nikampa kahawa, akaleta tena kitu. Bila kile kitabu ningedhani ananirudishia zawadi yangu.

Sasa kitabu ninachokipenda kuliko vyote ni The Anatomy of Dependence cha Doi Takeo, daktari wa magonjwa ya akili, kwa Kijapani kilitoka 1971 na Kiingereza 1973. Chote kimezunguka neno moja tu, amae, yaani kujiachia kwa mtu ukitegemea atakubembeleza. Doi anasema alipofika Marekani mwaka 1950 alienda nyumbani kwa mtu, mwenyeji akamuuliza kama ana njaa, aiskrimu ipo. Njaa anayo, lakini ndo mara ya kwanza wanaonana, akasema hapana akijua atabembelezwa, mwenyeji akasema haya basi, yakaishia hapo! Niliposoma nilikiweka kitabu chini kwanza. Jamani hiyo si ni sisi kabisa? Nenda kwa mtu Tanga, unakaribishwa chakula unasema nimeshiba, unakaribishwa tena unasema asante nimetoka kula sasa hivi, anakung'ang'aniza mpaka unanawa mikono, na asipokung'ang'aniza unaondoka na kinyongo.

Alafu anaelezea mama mmoja Mwingereza aliyezaliwa Japani, anaongea na daktari kwa Kiingereza kuhusu utoto wa bintiye, ghafla anahamia Kijapani kusema huyu mtoto hakuwa wa ku-amaeru (kitenzi cha amae), maana Kiingereza hakina namna ya kulisema hilo. Kiswahili tunayo, ni KUDEKA. Mtoto anadeka kwa mama yake, mke kwa mume, ukijua unapendwa unajiachia ubembelezwe. Nilimfafanulia hilo neno dada mmoja wa maabara yetu akanyamaza kidogo, akasema hiyo ndo amae yenyewe. Kwahiyo pale Doi anapofanya kama ni ufunguo wa Wajapani peke yao sikubaliani nae, na hata Lee O-young wa Korea alishampinga kwa hoja hiyohiyo kwamba Kikorea nacho kina maneno ya hivyo. Sura ya mwisho yenye vurugu za wanafunzi niliipita haraka, ila zile mbili za mwanzo soma taratibu, msomaji wa Kiswahili atazielewa kuliko Mmarekani.

Ukitaka riwaya chukua Convenience Store Woman ya Murata Sayaka, ilishinda tuzo ya Akutagawa, tuzo kubwa ya fasihi ya Japani, 2016. Keiko ana miaka 36, nusu ya umri wake kafanya kibarua konbini, vile viduka vya masaa 24, na anaridhika kabisa, ila ndugu na marafiki hawampumzishi, olewa, tafuta kazi ya maana. Murata mwenyewe alifanya kazi konbini kwahiyo zile sauti za mlango na salamu za wahudumu ni vilevile ninavyozisikia kila asubuhi nikienda kununua onigiri, yale matonge ya wali. Hii iliniuma, maana nna dada yangu nyumbani anasemwa hivyohivyo kila sikukuu.

Kwa anayekuja mwakani, anza na Doi, ifuate Murata, Benedict akikusubiri ukishafika, Bushido ukipata muda. Mimi nimeshaazima Kokoro cha Natsume Soseki maktaba, nikimaliza ntaongezea.