Kikoba chetu cha Kibirizi: kinafaa, lakini angalia uko na nani ndani

Nauza dagaa wakavu hapa Kibirizi, Kigoma. Kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, nilichomo sasa ni cha pili, na naweza kulinganisha.

Utaratibu ni ule ule wa vikoba vingi. Hisa moja shilingi 2,000, mwisho hisa tano kwa kikao, na kwa kila hisa unagongewa muhuri kwenye kitabu chako. Sanduku la chuma lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu wasiokaa nyumba moja. Simu ikilia kikaoni, faini. Mkopo hauzidi mara tatu ya hisa zako, riba asilimia 5 kwa mwezi, na riba hiyo tunagawana wenyewe siku ya kuvunja, yaani mwisho wa mzunguko kila mtu anapochukua akiba yake. Wale wa kausha damu, wakopeshaji wa mtaani wenye riba ya kuumiza, riba yao inaondoka na wao, ukichelewa wanabeba na godoro. Hapo hata sibishani na mtu.

Ninachokipenda zaidi ni mfuko wa jamii. Mama mkwe alipolazwa nilipewa hela palepale kikaoni, bila riba, na hakuna aliyenihoji kama mtuhumiwa.

Sasa kile cha kwanza. Kilikuwa cha wauza dagaa watupu, wote marafiki, raha tupu. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inalala nasi tunakaa bila mzigo. Hilo tumelizoea. Mtihani ulikuja 2024, Serikali ilipofunga Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Kila mtu akataka mkopo wiki moja, na wenye madeni hawana cha kurejesha. Mhazini akahesabu mbele yetu, akarudia, hela haikutosha hata watu wanne. Hakuna aliyeiba senti. Ila kununiana kulikofuata, acha tu.

Hiki cha sasa kina mama wa mawese kutoka soko la Mwanga, fundi cherehani, mwalimu mwenye mshahara, na sisi wa dagaa wachache. Ziwa likifungwa, wenzetu wanaendelea kuweka hisa, na sanduku lina kitu. Januari bado ni balaa, maana ada na sare za shule hazichagui biashara ya mtu. Tunakopeshana kwa zamu, na zamu zina maneno.

Tumesajiliwa halmashauri, kama Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavyotaka. Uliza cheti kabla hujatoa hata mia. Ile mikopo isiyo na riba, inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu, hatujaomba. Wapo wanaoogopa deni la serikali kuliko la jirani.

Wanachama wapya tunapokea tukishavunja, Desemba. Ukiwa na duka la nafaka au unashona, njoo. Wauza dagaa tumejaa.