ESP32-DevKitC: bodi nzuri ya kuanzia miradi isiyotumia waya, mradi uipe umeme wa kutosha

Kwa anayetaka sensa, taa au pampu iwasiliane na simu bila waya, bodi ya kuanzia ni ESP32-DevKitC ya Espressif, kampuni ya Shanghai. Chipu ya ESP32 ilitoka mwaka 2016 na bado inatosha kwa karibu kila kazi ya mwanafunzi au fundi: prosesa mbili zinazofika megahezi 240, memori ya kilobaiti 520, kwa kawaida flashi ya megabaiti 4, pamoja na Wi-Fi na Bluetooth. Arduino Uno R3, bodi nyingine ya wanaoanza, haina redio kabisa.

Wanaokwama siku za mwanzo hudhani wamekosea programu. Mara nyingi tatizo ni kebo au umeme.

Kebo nyingi zinazokuja na chaja hazina nyaya za data. Taa ya bodi itawaka, lakini kompyuta haitaona kitu. Tumia kebo unayojua inahamisha picha kutoka kwenye simu. Kisha soma maandishi ya chipu iliyo karibu na tundu la USB: bodi ya Espressif yenyewe hutumia CP2102N, nakala nyingi za bei nafuu hutumia CH340, na kwenye Windows kila moja ina draiva yake. Kwenye Linux jiunge na kundi la dialout, la sivyo utanyimwa ruhusa ya kutumia poti ya USB.

Kwenye Arduino IDE, programu ya kuandikia na kupakia kodi, fungua Boards Manager, tafuta esp32, sakinisha ile ya Espressif Systems, kisha chagua ESP32 Dev Module. Jiandae na bando, maana inapakua mamia ya megabaiti. Serial Monitor, dirisha la kusoma ujumbe wa bodi, iweke kasi ya 115200. Ukiona herufi zisizosomeka, kasi hazilingani. Ukipakia programu na "Connecting" ikabaki kuchora nukta tu, shikilia kitufe cha BOOT mpaka uandishi uanze. Kama inakusumbua kila mara, weka kapasita ya mikrofaradi 10 kati ya pini ya EN (ya kuiwasha upya chipu) na GND (ardhi), upande chanya kwenye EN.

Usishangae mfano wa Blink, programu ya kuwasha na kuzima taa, usipowasha taa. DevKitC halisi ina taa ya kuonyesha kuwa umeme upo tu. Taa ya GPIO2 (GPIO ni pini unazoziendesha kwa programu) iko kwenye baadhi ya nakala. Chomeka LED yako na rezista ya omu 330 kwenye GPIO23.

Sasa umeme wenyewe. Wi-Fi inaporusha mawimbi, bodi huvuta mamia ya miliampea kwa mpigo, na Espressif wanataka chanzo kinachotoa angalau miliampea 500. Kebo nyembamba na ndefu huangusha volti, ujumbe "Brownout detector was triggered" unatokea, na bodi inajiwasha upya bila kukoma. Tumia kebo fupi na nene, ongeza kapasita ya mikrofaradi 100 kati ya 3V3 na GND. Wapo wanaoshauri kuzima ulinzi huo kwenye programu. Ushauri mbaya: bodi itaendelea kwa volti pungufu, na data kwenye flashi inaweza kuharibika.

Pini zinahitaji heshima. Zote ni za volti 3.3, hazivumilii 5. Pini ya Echo ya HC-SR04, sensa ya kupima umbali, hutoa volti 5, kwa hiyo ipitishe kwenye rezista ya kiloomu 1, na nyingine ya kiloomu 2 kwenda GND. GPIO6 hadi 11 ni za flashi, usiziguse. GPIO34 hadi 39 hupokea tu. GPIO12 ikiwa juu wakati wa kuwaka, chipu huipa flashi volti 1.8 badala ya 3.3 na bodi haiwaki. Ukichomoa sensa inapona, na hapo mtu hulaumu sensa bure. Kusoma analogi Wi-Fi ikiwa imewashwa, tumia GPIO32 hadi 39 pekee, kwa kuwa ADC2, kisomaji cha analogi cha pini nyingine, inagongana na redio.

Wi-Fi yake ni ya gigahezi 2.4 tu. Hotspoti ya simu ikiwa kwenye 5, bodi haitaiona hata ukiandika nywila sahihi mara mia.

Kwa miradi ya betri sina sifa nyingi za kutoa. Chipu ikilala usingizi mzito huvuta mikroampea 10 hivi, lakini rigileta ya AMS1117 (inayoshusha volti 5 kuwa 3.3), taa na chipu ya USB huendelea kula miliampea kadhaa. Betri ndogo itaisha mapema hata programu ikiwa safi. Tafuta bodi iliyobuniwa kwa betri.

Ukinunua, angalia pini ziwe zimelehemiwa tayari, na uwe na bredibodi (ubao wa kuunganishia bila kulehemu) mbili za kuweka sambamba, kwa sababu bodi hii ni pana na moja haiachi nafasi ya nyaya pande zote. Bajeti ikiruhusu chukua bodi mbili: kwa ESP-NOW, njia ya mawasiliano ya Espressif, zinatumiana ujumbe mfupi moja kwa moja, bila ruta wala intaneti.