Uzoefu wangu: Muvi mbovu za kibandani Kayole, kwa mbao tu

Bei kwanza, maana najua ndiyo mtakayouliza. Kibanda cha video ninachokwenda mimi, huku Kayole, Nairobi, kinatoza mbao, yaani shilingi ishirini, kwa muvi na hamsini kwa mechi. Kwa mbao hiyo unakalia mbao kweli: benchi lisilo na mgongo, kuta za mabati, pazia zito mlangoni la kuzuia jua, televisheni moja kubwa ukutani na spika za kununuliwa barabara ya Luthuli mjini ambazo besi yake huingia tumboni kabla ya kufika masikioni. Feni hakuna. Choo ni cha ploti, unaomba ufunguo. Nakipa nyota nne kati ya tano, na ile moja niliyoinyima nitaieleza.

Sasa kinachoonyeshwa. Hizi si muvi za kujivunia. Ni zile ambazo mtu akiulizwa kazini wikendi alitazama nini, anataja kitu kingine. Mimi ni mhasibu, mama wa watoto wawili, na nyumbani tunalipia kila mwezi huduma ya intaneti iliyojaa filamu zenye tuzo za kila namna. Bado Jumamosi asubuhi, kabla mechi za Uingereza hazijaanza, utanikuta benchi la nyuma karibu na mlango nikitazama nyoka wa mpira akimeza Wamarekani. Vijana wa pale wamenizoea. "Mathe, leo tuko na ya ninja," ananiambia anayekusanya pesa, na mimi naingia bila kuuliza zaidi.

Nina jambo moja la kutetea. Muvi mbovu iliyosimuliwa kwa Kiswahili huishinda nzuri, na siisemi kwa kuihurumia. Muvi nzuri imeshiba. Kila kimya kimepangwa, kila jicho linalogeuka lina kazi yake, na msimuliaji akiingiza mdomo anaharibu. Muvi mbovu ina mapengo: watu wanatazamana bila la kusema, gari linaendeshwa weee bila sababu, adui ameshika bastola lakini anaeleza mpango wake wote badala ya kufyatua. Humo kwenye mapengo ndimo msimuliaji anamofanyia kazi.

Kwa ambaye hajawahi kuketi kibandani: muvi inachezwa sauti yake ikiwa imepunguzwa, na juu yake yuko mtu mmoja anayesema yote. Anatafsiri, anaongeza chumvi, anawapa wahusika majina ya mtaani, anamwonya staringi (shujaa wa muvi), anamtukana adui. Hapa Kenya DJ Afro ndiye anayejulikana kuliko wote, na Kiswahili chake kilichochanganyika na Sheng watu wanakiiga hadi kwenye matatu. Watanzania walikuwa na Lufufu. Waganda huwaita VJ, na jina la VJ Jingo utalisikia hata kwa mtu asiyejua Kiganda. Lakini wako wengine wengi wasiojulikana, na baadhi ya nakala bora nilizoziona ni za vijana ambao hata hawakujitaja mwanzoni.

Mfano ninaoupenda ni Anaconda, ya 1997. Yumo Jennifer Lopez, yumo Ice Cube, na yumo Jon Voight, mwigizaji mwenye Oscar nyumbani, akiigiza mwindaji wa nyoka kutoka Paraguay kwa lafudhi ambayo sidhani kama Paraguay wanaitambua. Kundi la wapiga picha linapanda Mto Amazon kutafuta kabila lililojificha, linamwokota huyu bwana njiani, naye anawageuza chambo cha nyoka wake. Tuzo za Razzie, zile ambazo Wamarekani hutoa kila mwaka tangu 1981 kwa kazi mbovu kuliko zote, ziliiteua mara 6. Nyoka mwenyewe aliteuliwa kama mwigizaji mpya mbaya, kisha akateuliwa tena pamoja na Voight kama wapenzi wasiopatana. Hata hivyo watu walijaa, ikaingiza zaidi ya dola milioni 130 duniani, na Roger Ebert, mhakiki aliyeogopwa Marekani nzima, akaipa nyota tatu na nusu kati ya nne. Kwa hiyo msinione mimi peke yangu.

Nilishaitazama kwa Kiingereza zamani nikaiona ya kawaida. Kibandani nilikutana na nakala ya kijana mmoja asiyejitaja, na kwake yule mwindaji hakuwa mwindaji tena. Alikuwa broka wa ploti. Kila alipotokea, msimuliaji alitukumbusha kwamba huyu ndiye aliyeuzia watu watano shamba moja kule Joska, nje ya Nairobi, na sasa anawauzia hawa wageni mto. Ukitazama kwa macho hayo, kila kitu anachofanya Voight kinaeleweka: tabasamu lile la pembeni, kujua njia ya mkato ambayo hakuna aliyemwomba, kumshika mtu bega akimdanganya. Sitii chumvi nikisema uigizaji wake ulipata maana pale Kayole.

Kuna mahali mashua inaondoka na nyuma yake kuna maporomoko ya maji. Waliipiga picha hiyo mashua ikija, kisha wakaigeuza ionekane inakwenda, wakasahau kwamba maji nayo yatageuka. Yanapanda mlima. Mtoto mmoja benchi la mbele akaliona akapiga kelele, na msimuliaji, utadhani alimsikia, akasema hayo ni maji ya Nairobi, lazima yapande juu kwa wenye tangi. Kibanda kizima kilicheka hadi mabati yakalia. Mwishoni nyoka anammeza broka kisha anamtapika akiwa nusu ameyeyuka, na maiti ile inamkonyeza Jennifer Lopez. Kweli imo kwenye muvi, sikuibuni. "Ameshamezwa," akasema msimuliaji, "lakini bado anatafuta mteja."

Nenda katafute mzaha kama huo kwenye muvi ya kulilia.

Commando ya 1985 sitakaa nayo sana kwa kuwa kila mtu aliyelelewa Nairobi anaijua. Arnold Schwarzenegger anatekewa binti, anaruka kutoka kwenye ndege inayopaa, halafu anaua jeshi la kisiwa kizima akiwa amejipaka rangi usoni. Furaha yangu ni lile gari la Porsche la manjano linalogongwa likaharibika ubavu mmoja, na dakika chache baadaye linaendeshwa likiwa safi kabisa. Wasimuliaji wote niliowasikia wana jibu lao kwa hilo. La kwangu ni la yule aliyesema Arnold ana mtu wake Grogan, kule kwa gereji na vipuri vya magari Nairobi, kwa sababu pale unaweza kuingia na mabaki ukatoka na gari.

American Ninja, ya 1985 pia, ni ya Cannon, kampuni ya mabinamu wawili Waisraeli, Menahem Golan na Yoram Globus, waliokuwa wakitoa muvi kama mandazi. Staringi wake Michael Dudikoff hakuwa mpiganaji wa karate. Aliyejua kazi ni mwenzake Steve James, na inaonekana. Kuna ninja mkuu mwenye mavazi meusi anayefyatua miale ya leza kutoka mkononi. Sina la kuongeza. Itazameni.

Sheena nayo ni kesi tofauti, na ndiyo ninayoionea haya zaidi, maana ni yetu. Ilitengenezwa hapahapa Kenya, ikatoka 1984. Tanya Roberts ni msichana wa Kizungu aliyelelewa na kabila la Kiafrika hadi akawa malkia wa msitu, anayeita wanyama kwa kushika paji la uso. Mkurugenzi ni John Guillermin, aliyekuwa amefanya King Kong ya 1976. Razzie waliiteua mara 5. Malkia huyu hupanda punda milia, ila punda milia hapandwi kirahisi, basi wakachukua farasi wakampaka mistari. Mzungu wa Chicago pengine hakugundua. Lakini Mkenya yeyote aliyewahi kupelekwa na shule Mbuga ya Nairobi, hata kama alilala kwenye basi, anajua masikio na shingo ya punda milia zilivyo, na yule si yeye.

Na bado ndani yake kuna kitu kinachonifanya niikazie macho. Mganga anayemlea Sheena ameigizwa na Elizabeth wa Toro, binti wa mfalme, mwanasheria, mwanamke aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Uganda mwaka 1974 enzi za Idi Amin. Anatembea katikati ya upuuzi ule wote kama mtu aliyeitwa kufungua harusi ya jirani: ana heshima zake, hacheki, na hachafuki. Kila akitoka kwenye skrini muvi inashuka.

Hii sikuiona kibandani. Niliinunua dukani, mojawapo ya yale maduka madogo ya mjini upande wa River Road ambapo unampa kijana flashi, unachagua kwenye orodha, anakunakilia. Hapo uzoefu wangu si mzuri. Faili ilikatika kabla ya mwisho, na nyingine mbili zilikuwa na jina la muvi moja na ndani muvi nyingine. Niliporudi, kijana akaniambia, "Pole mum, hiyo ndiyo tuko nayo," akanipa ya Kihindi kama fidia. Ushauri: fungueni faili palepale kwenye kompyuta yake, msogeze hadi mwisho, ndipo mlipe.

Lakini kwa kuwa nakala ile haikuwa na msimuliaji, mdogo wangu wa kike aliyekuwa amekuja kunitembelea alianza kusimulia mwenyewe. Yule farasi akawa matatu iliyopakwa rangi upya ili isitambulike na askari. Wanajeshi wa muvi wakawa kanjo, wale askari wa jiji, wanaomfukuza mama mboga. Watoto wangu, ambao huwezi kuwatoa kwenye simu, walikaa hadi faili ilipokatika, kisha wakambana shangazi... samahani, mama mdogo wao, awatungie mwisho. Jaribuni nyumbani. Zimeni sauti, mgawane wahusika. Ila fahamuni kuna sehemu za kuoga mtoni ambazo si za watoto. Mimi nilikuwa na rimoti mkononi.

Nyota ya tano sasa. Sababu ya kwanza ni wasimuliaji wavivu. Si wote, lakini wapo ambao kila mwanamke akitokea, mzaha ni uleule wa makalio, na kila mnene ni chakula. Muvi ina mapengo mia ya kuchezea na wewe unarudia hilo moja. Ukiwa mwanamke pekee kwenye benchi, kicheko kile hukipokei vilevile. Nimeshatoka katikati, nikaacha mbao yangu ikaenda.

Pili, watoto. Mwenye kibanda hukataza wenye yunifomu, lakini Jumamosi hakuna yunifomu, na nimeona wa miaka saba wakitazama Arnold akikata mtu mkono. Kuna bodi ya serikali inayopanga filamu kwa umri, na kibandani hakuna anayesoma alama zake.

Tatu ni hakimiliki, na hapa najua mtaniuliza mhasibu gani mimi. Ni kweli: katika mbao ile Schwarzenegger hapati hata senti, na sheria ya Kenya hairuhusu kunakili kazi ya mtu bila idhini. Msimuliaji naye, aliyeifanya muvi itazamike, kazi yake inanakiliwa na duka lilelile bila kumlipa. Sina utetezi. Ninachosema ni kwamba kama kampuni mojawapo ingetoa hizi muvi kuukuu kihalali zikiwa na simulizi ya Kiswahili, mimi ningelipa zaidi ya hamsini, na ningelipa leo.

Anayetaka kuonja bila dhambi, yupo jirani yetu aliyelielewa jambo hili mapema. Who Killed Captain Alex?, ya 2010, ilitengenezwa mtaa wa Wakaliga, Kampala, na Isaac Nabwana kwa pesa ambazo hazitoshi kulipia karamu ya ubatizo. Helikopta zake ni za kompyuta na unaziona. Lakini VJ Emmie amewekwa ndani ya muvi yenyewe, anapiga kelele tangu mwanzo hadi mwisho, na wenyewe wameiweka YouTube bure. Anazungumza Kiingereza cha Kampala. Dakika kumi tu, utajua kama starehe hii ni yako au la.

Kwa watakaokuja Kayole: Jumamosi muvi zinakwisha kama saa nane mchana, kisha mechi inaingia na bei inapanda, na ukikutwa ndani unaongeza ile thelathini au unatoka. Siku za wiki mchana kuna nafasi tele, ila stima ikipotea hakuna kurudishiwa pesa, unaambiwa usubiri. Wanawake, benchi la nyuma karibu na pazia ndilo lenye hewa. Na njooni na chenji; mlangoni hawana.