Oili chafu ya stelingi: huduma niliyoipata kwenye gereji moja ya Tabata

Kwa takriban miezi miwili RAV4 yangu ya mwaka 2003, ile ambayo watu wa Dar es Salaam wameizoea kwa jina la Kilitime, ilikuwa ikilia kila asubuhi nilipokata kona ya kutoka getini. Haikuwa sauti ya chuma kugonga chuma, bali mlio mwembamba wa kulalama uliopanda kadiri nilivyozidi kukata usukani, na ulionyamaza gari lilipopata joto. Gereji ya kwanza niliyoiendea, karibu na kazini kwangu, ilinyonya kwa bomba la sindano oili iliyokuwamo kwenye chupa ya stelingi (oili inayosaidia usukani ukatike kwa wepesi), ikajaza nyingine na kudai shilingi 30,000. Siku ya nne nilifungua kifuniko nikakuta rangi ileile ya kahawa iliyoungua. Ndipo jirani akanielekeza kwa fundi wa Tabata, ambaye huduma yake ndiyo ninayoieleza hapa.

Fundi huyu hakukimbilia spana. Aliwasha gari, akakata usukani kulia na kushoto huku akisikiliza, akazima, kisha akachovya kijiti ndani ya chupa na kudondoshea tone moja kwenye karatasi nyeupe ya tishu aliyoitandaza juu ya fenda. Doa lilipotawanyika lilibaki na kiini cheusi katikati na ukingo wa hudhurungi. Akalinusa, akanipa nami ninuse, na harufu ilikuwa ya mafuta yaliyokaangiwa maandazi mara nyingi mno. "Mzee, hii haijatoka yote tangu gari lishuke bandarini," akasema. Alinieleza kwamba weusi ule unatokana na mpira wa ndani wa mabomba unaolika taratibu pamoja na unga laini wa chuma kutoka kwenye pampu, na kwamba joto la miaka mingi nalo huichosha oili mpaka ikashindwa kulainisha.

Nilikuwa nimebeba chupa ya oili ya njano iliyobaki kule gereji ya kwanza, isiyo na lebo yoyote. Aliikataa bila kujadiliana, na kwa hilo nampa alama zote. Kwenye kifuniko cha Toyota hii imeelekezwa itumike ATF ya Dexron II au III, yaani oili nyekundu ya giaboksi otomatiki, ilhali Honda wana oili yao wenyewe ya stelingi na magari kadhaa ya Ulaya hutumia oili ya kijani isiyofaa kuchanganywa na hiyo nyekundu. Kijana alitumwa dukani akarudi na chupa mbili za lita moja moja, kila moja shilingi 18,000, na fundi akanionyesha lakiri kabla ya kuzifungua.

Kazi yenyewe ndiyo iliyonifanya niandike. Tairi za mbele ziliinuliwa kwa jeki na gari likakalishwa juu ya stendi, kisha oili ya kwenye chupa ikanyonywa. Baada ya hapo, jambo ambalo wale wa mwanzo hawakulifanya, mpira unaorudisha oili kutoka kwenye raki, yaani kile kifaa kinachogeuza tairi unapokata usukani, ulichomolewa, tundu lake kwenye chupa likazibwa, na ncha ya mpira ikaelekezwa ndani ya chupa tupu ya maji ya kunywa. Injini ilibaki imezimwa muda wote, kwa sababu pampu hulainishwa na oili hiyohiyo inayoisukuma, na ikizunguka kavu hata kwa muda mfupi inaweza kujikwangua. Kijana alizungusha usukani taratibu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, fundi akiongeza oili mpya kila kiwango kiliposhuka, nami nikaangalia ile chupa ya maji. Mwanzoni ilitoka nyeusi, yenye chembechembe. Ikafuata rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Na lita ya pili ilipokuwa karibu na nusu ikaanza kutoka nyekundu safi kama juisi ya rozela. Hapo ndipo aliposema basi.

Ukipiga hesabu utaona kwa nini kunyonya chupa peke yake hakutoshi. Mfumo wa gari kama hili hubeba oili inayokaribia lita moja, na chupa haishiki zaidi ya theluthi yake, kwa hiyo hata ukirudia mara tatu, ukiendesha gari kidogo kila mara ili oili ichanganyike, bado karibu asilimia 30 ya uchafu wa zamani inabaki ndani. Kwenye sakafu ya chupa kuna kichujio chembamba cha wavu. Alipokisafisha kwa petroli na brashi ya meno kilitoa tope jeusi kama masizi ya sufuria.

Baada ya kurudisha mpira, usukani ulizungushwa tena mara nyingi huku injini ikiwa imezimwa ili hewa itoke, ndipo gari likawashwa na oili ikachunguzwa kama ina povu. Alinikataza pia kuushikilia usukani ukiwa umefika mwisho kwa zaidi ya sekunde chache, tabia ninayokiri kuwa nayo kila ninapoegesha.

Si kila kitu kilikuwa shwari. Niliahidiwa saa moja, nikakaa saa tatu, kwa kuwa fundi aliitwa mara mbili kwenye daladala iliyoharibika nje ya uwanja wake. Malipo ya ufundi, shilingi 25,000, yaliandikwa kwenye kipande cha daftari, na risiti ya mashine niliipata baada ya kuiomba mara ya pili. Kesho yake asubuhi nilikuta matone mawili mekundu sakafuni: klipu ya ule mpira ilikuwa ya zamani na haikubana. Niliporudi, aliweka mpya bila kudai kitu, lakini klipu ya bei ndogo vile ilipaswa kubadilishwa siku ileile. Oili chafu, angalau, haikumwagwa mtaroni. Iliingia kwenye dumu ambalo, nilivyoambiwa, huchukuliwa na watu wa kupaka nguzo zisiliwe na mchwa.

Wenye IST, Vitz au RAV4 za kuanzia mwaka 2006 wasijisumbue na habari hizi, maana stelingi zao ni za umeme na hazina oili; gereji ikikutoza kwa kuibadilisha, omba uonyeshwe chupa yake iliko.

Leo ni wiki ya tatu. Usukani umekuwa mwepesi, mlio wa asubuhi umekwisha, na tone nililoliweka kwenye tishu jana lilikuwa bado jekundu, na ukungu mdogo tu wa hudhurungi ukingoni. Kilichobaki ni mkwaruzo mdogo ninapokata kona hadi mwisho, na huo fundi alinitahadharisha mapema kwamba ni pampu iliyokwisha kulika, ambayo oili mpya haiwezi kuirudishia chuma kilichopotea. Tumekubaliana nimpelekee gari mwisho wa mwezi aifungue, na safari hii nitafika saa mbili asubuhi, kabla daladala hazijaanza kumwita.